Nilivyokwenda Ukweni na Chenso

Jamani, leo nimeaibika. Na nimeaibikia mahali pabaya kuliko pote: ukweni. Tena ukweni penyewe bado si rasmi. Nimepaki gari hapa kando ya barabara, karibu na Makumira, nikaona bora niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu.

Kwa wasiojua, mimi na Upendo tumeshakubaliana. Jumamosi ijayo wajomba zangu wanapeleka posa kwao, huko juu Meru kwenye migomba na kahawa. Atakayewapokea si baba yake Upendo. Ni kaka mkubwa wa baba yake, baba mkubwa Anaeli, ndiye msemaji wa familia. Akisema karibuni, mmekaribishwa. Akikunja uso, mnakunywa chai mnarudi mlikotoka. Hilo naomba mlishike.

Juzi juzi nilipokwenda kusalimia, baba yake Upendo, mzee Elirehema, alinionyesha mgrevilea mkubwa pembeni ya uwanja wa nyumba. Matawi yameingia juu ya paa la jiko. Alitaka uondoke kabla ya Jumamosi ili turubai la wageni lipate nafasi.

"Kibali cha kuukata nimeshapewa," akasema. "Shida ni fundi wa chenso. Kila siku ananiambia kesho."

Mtu mwenye akili angesema pole mzee. Mimi nikasema, "Mzee, achana na fundi. Mimi ninayo chenso."

Sikuwa nayo. Sijawahi hata kuishika. Mimi ni mhasibu, kitu kikali kuliko vyote ofisini kwangu ni mashine ya kutoboa karatasi.

Kesho yake nikaingia dukani mjini. Muuzaji akaniuliza, "Unakwenda kukata nini, kaka?"

"Mti."

"Miti, au mti?"

"Mti. Wa nyumbani tu."

Akanitolea kadogo, kepesi, unakabeba kwa mkono mmoja. "Hii inakutosha. Hata kupunguza matawi utapunguza bila kuchoka." Nikakaangalia. Nikajiona nimesimama mbele ya baba mkwe na kitu kinachofanana na blenda. Nikanyoosha kidole ukutani.

"Na ile?"

"Ile ni ya wapasua mbao, kaka. Nzito. Itakupeleka yenyewe."

"Nipe hiyo hiyo."

Nikachukua na helmeti yenye wavu usoni na vizibo vya masikio, glovu, na buti. Muuzaji akanielekeza namna ya kuchanganya petroli na oili, na ile oili nyingine ya mnyororo, nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa tu. Halafu wiki nzima nikawa naangalia video. Hapo siwadanganyi, nilisoma. Unaanza kwa kukata pengo upande unaotaka mti uangukie. Halafu unakata kwa nyuma, ila humalizi, unaacha ukanda wa mti katikati uuongoze unapolala. Na kabla ya yote hayo unasafisha njia ya kukimbilia nyuma yako, pasiwe na kitu cha kukukwaza.

Hiyo ya njia ndiyo iliyoniua.

Leo asubuhi nikafika. Shikamoo baba, shikamoo mama, marahaba mwanangu karibu. Mama akanipakulia loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando, nikala nikashiba. Nikafungua buti ya gari taratibu, ili kila mtu aone. Mzee Elirehema akaigusa mashine.

"Hii mbona kubwa hivi?"

"Ya kawaida tu, mzee."

Nikavaa. Mama akaniangalia kuanzia buti mpaka helmeti, akamuuliza Upendo kwa sauti ya chini ambayo tuliisikia wote, "Anakwenda kuzima moto wapi?"

Nikavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Nikavuta tena. Kimya. Nikavuta mpaka shati likachomoka kwenye suruali, jasho linatiririka ndani ya ile helmeti, na mashine imetulia kama imelala. Baba mkwe akasubiri kwa heshima zote. Halafu akasema, "Hako kaswichi kekundu kana kazi gani?"

(Kalikuwa kana kazi ya kuwasha mashine.)

Ikanguruma. Kuku wote wakahama. Na mimi, badala ya kutulia baada ya aibu hiyo ndogo, nikaona huu ndio wakati wa kurudisha heshima. Nikaizima kidogo nikatoa amri: "Naomba wote mkae nyuma ya nyumba! Usalama kwanza!"

Mzee akasema, "Sawa. Ila kabla hujaanza, huko nyuma ya mti..."

"Mzee, usiwe na wasiwasi. Nimeshapima kila kitu."

Nilimkatisha. Baba wa mchumba wangu, kwenye uwanja wake, nikamkatisha. Nikikumbuka hapo natamani kujificha chini ya kiti cha gari.

Wakaondoka. Nikawasha, nikaziba masikio, nikaanza na njia ya kukimbilia. Nyuma ya mti kulikuwa na mstari wa mimea yenye majani marefu ya kijani, imepandwa vizuri, imenyooka. Pale ninapoishi Njiro mwenye nyumba kaipanda kwenye vyungu getini. Nikasema maua haya poleni, lakini uhai wangu kwanza. Nikapitisha mashine chini kwa chini. Yakalala!

Sasa, kwa njia ya kukimbilia, ningekata kidogo tu pangetosha. Ila jamani, ile kitu ni tamu. Ukiona inavyopita unajisikia mwanaume. Nikaendelea. Nikanyoa mstari wote mpaka kwenye migomba.

Nikamwona Upendo ametokea kwenye kona ya nyumba anapunga mikono yote miwili. Sisikii kitu, nimeziba masikio. Moyo ukajaa. Nikajisemea, mtoto wa watu anajivunia. Nikampungia. Akazidi kupunga, sasa anaruka. Nikamfanyia ishara abaki huko huko, ni hatari. Halafu nikamrushia busu.

(Ndiyo. Busu. Ukweni. Nikiwa na wavu usoni.)

Basi nikageukia mti. Nikakata pengo, nikazunguka nyuma nikakata, nikaacha ule ukanda wangu, mti ukalia, nikapita kwenye njia yangu safi kabisa. Na sikilizeni, ule mti ulianguka vizuri! Ulilala palepale nilipotaka, katikati ya uwanja. Paa salama, kahawa salama, hakuna hata mgomba uliochanika jani. Nikazima mashine, nikavua helmeti, nikaiweka kwapani, nikageuka kupokea pongezi.

Mama ameweka mikono kichwani. Upendo amekaa chini kwenye majani, uso ameuficha magotini. Mzee Elirehema anakuja taratibu, na haangalii mti hata kidogo. Anaangalia nyuma yangu.

"Umekata masale," akasema.

"Nini, mzee?"

"Umekata mpaka."

Kwa ndugu zangu wa Pwani: masale ndiyo hayo niliyoyaita maua. Huku milimani mtu hapandi masale kwa urembo. Ndiyo yanayosema shamba langu linaishia hapa na lako linaanzia hapa, na hakuna anayeyagusa peke yake. Na haya sasa! Mzee Elirehema na kaka yake, baba mkubwa Anaeli, waligombania kile kipande cha ardhi miaka mingi, wakawa hawasalimiani, hata kanisani wanakaa pande tofauti. Wazee wa usharika wakawakalisha wakapatana. Masika iliyopita wakapanda masale pamoja, mmoja anachimba mwingine anashindilia, na mchungaji akaombea. Upendo alishanisimulia haya yote. Nilimjibu, "Safi sana," huku naangalia mpira kwenye simu.

Kabla sijafungua mdomo, migomba ya upande wa pili ikatikisika. Akatoka mzee mrefu ana gambuti na mundu, begani ana mzigo wa majani ya ng'ombe. Baba mkubwa Anaeli mwenyewe. Yule yule wa Jumamosi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akashusha mzigo. Akatembea kwenye mstari kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akiinama na kunyanyuka. Hakupaza sauti. Ningefurahi sana kama angepaza. Akasimama mbele ya mdogo wake, akauliza, "Elirehema, wewe ndiye umemtuma?"

Jamani. Mzee Elirehema akanywea pale pale. "Kaka, Mungu ananiona. Sikumtuma."

Hapo sikuona aibu tena, niliogopa. Sikuwa nimeharibu posa yangu peke yake. Nilikuwa nimewatenganisha ndugu wawili kwa dakika chache na mashine mpya.

Nikadakia, "Baba, hakunituma! Ni mimi! Nilijua ni maua!"

"Maua."

"Ndiyo, baba."

"Wewe kijana ni wa wapi?"

"Njiro."

"Njiro siyo kwenu. Kwenu wapi?"

Nilijua linakuja na hakuna pa kukimbilia (njia nilikuwa nimeshaisafisha, ila haikusaidia). Nikasema polepole, "Machame." Huko nako kila mpaka ni masale.

"Mchagga wa Machame," akasema baba mkubwa, "hajui isale."

Akabeba majani yake, akageuka. "Wajomba zako waambie Jumamosi wapumzike."

Akapotelea kwenye migomba. Upendo akaingia ndani bila kuniangalia. Mzee Elirehema akakaa juu ya ule mti nilioukata vizuri, akashika tama. Mama peke yake ndiye aliyenisogelea.

"Mfuate. Beba jani la isale, lifunge fundo, umpe mkononi umwombe msamaha. Isale mtu hakatai."

Nikainama haraka niokote moja. Akanipiga kofi mkononi. "Siyo hayo! Utaombaje msamaha na majani ya kosa lenyewe? Tena yamejaa oili."

"Sasa nitapata wapi, mama?"

"Kwetu yalikuwa hayo tu." Akakohoa kidogo. "Mengine yako getini kwake."

Nikazunguka barabarani. Nikasimama kwenye geti la mtu niliyemkosea nikiwa nimevaa buti, vumbi la mbao mpaka kwenye kope, namwomba mkewe jani la kwenda kumwomba msamaha mumewe. Mama mkubwa akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Subiri," akajifunika mdomo kwa kitenge, akaenda nyuma ya banda. Nikamsikia huko nyuma. Alicheka kwa muda wa kutosha. Akarudi na uso wa msibani, akakata jani, akalifunga fundo mwenyewe kwa sababu alishaona sijui.

Baba mkubwa alikuwa anamlisha ng'ombe. Nikapiga goti kwenye samadi, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yote yakakimbia. Nikasema tu, "Baba, mimi ni mjinga. Naomba usimwadhibu mdogo wako kwa ujinga wangu."

Akalipokea. Akaligeuza.

"Hili umelitoa wapi?"

"Getini kwako, baba."

Akamwangalia mkewe. Mkewe akaangalia paa la banda. Mashavu ya mzee yakacheza kidogo, akayakaza. Akafuta mikono, akasema twende.

Tukarudi kule uwanjani. Mzee Elirehema akasimama. Kaka yake akamshika bega. "Mdogo wangu, nimekosea kukuuliza lile swali mbele ya watoto." Wakashikana mikono, hawakuachiana haraka. Mimi pembeni machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi.

Halafu akanigeukia. "Vipande vyote viokote, viweke kivulini. Vitashika mizizi. Jumamosi wajomba zako waje. Ila hawaingii ndani, hawapewi hata maji, mpaka wewe umeyapanda masale yote wao wakiwa wamesimama wanaangalia. Mimi na Elirehema tutakushikia kamba ya kunyoosha mstari."

Nikashukuru sana. Nimefika hapa kwenye gari ndipo nikaelewa nilichoshukuru.

Nimempigia mjomba aliyeko Machame, ndiye kiongozi wa msafara. Nikamweleza kwa upole. Akasema, "Umekata masale? Wewe? Mtoto wa dada yangu?" Kisha nikasikia anaita watu, "Njooni! Njooni msikie!" Awali gari letu lilikuwa moja. Sasa anasema shangazi wote wanakuja, itabidi wakodi Kosta.

Upendo hajapokea simu zangu zote. Ametuma ujumbe mmoja tu: "Jumamosi vaa suti. Ubebe na jembe."

Nitavaa, nitabeba. Ombi langu ni moja tu kwa mtakaopanda hiyo Kosta: chekeni mkiwa njiani mmalize, mkifika pale mnisaidie hata kwa kuangalia mlima.