Kuhani wa Senene

Jumanne, 18 Novemba
Nimehudhuria mhadhara chuoni, hapa Bukoba. Nilifuata chai na sambusa. Mhadhiri, Dokta Annastella, kasema wasomi hawajakubaliana dini ni nini. Wengine wanatafuta mungu kwanza. Wengine wanaangalia kitu kilichotengwa, mwiko wake, na watu wanaoushika pamoja. Sambusa ikanikwama kooni! Nyumbani nina ndoo ya senene, wale panzi watamu wa msimu, niliyopewa na rafiki yangu Burhani, na mke na mama mkwe wanaikodolea macho. Zamani kwetu Uhayani senene walikuwa mwiko kwa wanawake. Basi hiyo ni dini!

Jumatano, 19 Novemba
Nimetangaza dini. Mimi kuhani, Burhani muumini. Mke wangu Kokwijuka kauliza mungu wetu ni nani. Nikamwambia hayo ni maswali ya wasomi wa kundi la kwanza. Mama mkwe, mzee wa usharika, alitafuna punje zake za kahawa akinitazama tu. Kaishiwa hoja, maskini.

Ijumaa, 21 Novemba
Wamekubali! Kokwijuka kasema ila tulinganishe, kama wasomi: kila dini ina maandalizi, na kuhani ndiye huandaa. Haki kabisa. Nimenyonyoa mbawa na miguu tangu asubuhi, vidole vimevimba. Burhani kasema muumini hanyonyoi. Mnafiki! Nimekaanga mwenyewe. Harufu yake, waitu! Mama mkwe akauliza kwa upole kama kuhani wetu hafungi kabla ya sikukuu. Niliona aibu kukataa. Nafunga mpaka Jumapili.

Jumapili, 23 Novemba
Nimerudi kanisani nikakuta sufuria tupu. Burhani midomo inang'aa mafuta. Mama mkwe kanieleza bila haraka:
"Mwanangu, tumefanya matengenezo. Mwiko sasa ni wa wanaume. Burhani tumempa msamaha, ndoo ilikuwa yake."
Nusura nilie, na njaa ile! Nikampigia Dokta Annastella kushtaki. Akacheka weee, kisha akaomba namba ya mama mkwe. Anataka aje kufundisha darasa. Mimi mwanzilishi hata sambusa sikuahidiwa!

Jumanne, 25 Novemba
Nimetafakari. Dini haikuwa na kosa, senene ndio wadogo mno. Leo Burhani kaja kuomba radhi akiwa na sangara kutoka Kemondo, kichwa kikubwa kama chungu. Nimetangaza palepale: kichwa ni kitakatifu, halali ya kuhani peke yake. Mama mkwe kasema amina, akanipa kisu. Nimeparua magamba yote, nimewasha jiko, nimeunga nazi. Sasa nafunga.