Mugonjwa wa Kwanza Ni Gaju

Leo nimepata haya mbele ya kijiji kizima. Nawaelezea mimi mwenyewe kabla Papa Sebastien hajawaelezea, juu yeye ataongeza chumvi.

Munajua mimi natengeneza programu za kompyuta. (Wenye hawajui, Mama yangu alishatangaza ku kanisa.) Juma tatu zimepita, kampuni moja ya mbali ilinipa kazi ya majaribio. "Tengeneza programu ya kupanga zamu ya wagonjwa ku kituo ya afya, centre de santé. Siku ine. Ni ya kuona uwezo wako tu." Bila malipo, bila kontra ya kazi. Siku ine nilikaa kule juu kwa malisho, penye rezo ya simu inapatikana, katikati ya ng'ombe zetu. Nikamaliza, nikatuma. Wakanijibu kwa mustari moja: "Kazi yako haijafikia kiwango."

Iliniuma, na mubaya zaidi, niliamini. Nikafunika kompyuta na kitenge ya Mama. Nikamukubalia mujomba kwamba juma inayokuja tutaenda naye Rubaya, kwa migodi, kubeba mizigo ku mugongo. Kompyuta nitauzisha.

Sasa leo. Goti ya Mama ilivimba, nikamusindikiza kwa centre de santé ya kwetu. Tunakuta veranda imejaa. Dada Solange, infirmière mwenye anapokea wagonjwa, ameshika tableti mupya, jasho inamutoka.

"Gaju!" anaita. Hakuna mwenye anasimama. "Mugonjwa wa kwanza ni Gaju!"

Mama ananigusa. "Kuna watu walipatia mutoto jina ya ng'ombe?"

"Watu wa siku hizi, Mama."

Solange anatueleza: mashini ilifika jana, na inakatala kupita ku mugonjwa wa pili mpaka wa kwanza aingie. Tangu asubui ni Gaju, Gaju. Watu wanaanza kunungunika. Na mimi, fundi wa kijiji, nikaona nitoe mawazo yangu. Nikasimama kabisa. "Kusema ukweli, mwenye alitengeneza hii kitu hajui kazi. Hakufikiria kwamba mugonjwa anaweza kukosa kuja?" Watu wakakubali na kichwa. (Mukumbuke hayo maneno. Mimi sitayasahau.)

Solange akaona afadhali asome fishi yote yenye habari za Gaju, labda ndugu ya mugonjwa iko hapa. (Siri ya mugonjwa ilikufa pale pale.)

"Gaju. Mwanamuke. Miaka sita."

"Pole mutoto," wamama wanasema.

"Amezaa mara tatu."

Wamama wanaangaliana. Solange anaendelea. "Sasa iko na mimba ya ine. Baba ya mimba..." Akasoma mara mbili. "Wa kwa Papa Sebastien."

Papa Sebastien ni jirani yetu. Ni mushemasi. Na alikuwa ku benchi ya mbele, alikuja juu ya kikohozi. Kikohozi ikapona mara moja.

"Mimi? Mimi niko na wajukuu!"

Pale njo nilielewa. Ile programu ilikuwa yangu. Wakati wa kuijaribu nilihitaji wagonjwa wa uongo, na kule malishoni nilikuwa na nani wa kuandika? Nikaandika ng'ombe. Jina, umri, uzao, mimba, na dume ilitoka kwa nani. Kwetu muntu anaweza kusahau siku alizaliwa yeye mwenyewe, lakini uzao wa ng'ombe yake hausahau. Nikataka kusema. Solange akanitangulia.

"Kuna namba ya responsable, mwenye anamuchunga," Solange anasema. "Ngoja nimupigie."

Na hiyo nafasi pia nilikuwa nimejaza, na namba yangu. Nikatia mukono mu mufuko nizime simu. Nikachelewa. Kwaya ikaanza kuimba mu suruali yangu, sauti yote.

Macho yote kwangu. Solange iko hatua mbili tu, ananiangalia, simu ku sikio. "Allo. Njo wewe responsable ya Gaju?"

"Njo mimi," nikajibu, mu simu. (Sijui juu ya nini nilijibu. Nilifundishwa adabu.)

Papa moja aliinuka na fimbo yake. Na mimi nilikuwa nishaanza kuangalia njia ya shamba. Lakini Mama, na ile goti, alimutangulia kusimama.

"Muache mutoto wangu. Gaju ni ng'ombe yangu. Dume njo ya Papa Sebastien, nilimuomba mimi mwenyewe. Na wa pili ku liste atakuwa Bihogo, njo anamufuata kwa zizi. Angalia."

Solange akaangalia. Wa pili: Bihogo. Wa tatu mpaka wa mwisho, zizi yetu yote. Watu walicheka mpaka mama moja akalala chini. Papa Sebastien alicheka mpaka kikohozi ikarudi.

Mama peke yake hakucheka. Aliangalia tableti, akaniangalia. "Hii si ile kazi walisema ni mubaya?"

"Njo yenyewe, Mama."

"Kama ni mubaya, wameileta hapa ya nini?"

Juma tatu nimejiita muntu wa bure, kumbe ile kampuni ilichukua kazi yangu bila hata kutoa ng'ombe ndani. Nilikasirika, siwafichi. Lakini furaha ilizidi hasira, mpaka machozi ikatoka mbele ya watu wote. (Hiyo haya ya pili muiongeze hapo.)

Papa Titulaire, mukubwa wa centre, alitoka kuona fujo ni ya nini. Akaelezewa, akanipa kiti. Nikatoa ng'ombe moja moja, nikatengeneza ile kosa ya yule asiyejua kazi. Saa sita wagonjwa wote walishapita, na goti ya Mama imefungwa. Sasa Papa Titulaire anaandikia wenye walileta mashini: anataka muntu wa kuiangalia awe mimi, na nilipwe. Kama watakubali, sijui. Lakini nishamwambia mujomba aende Rubaya peke yake.

Aksanti Dada Solange. Aksanti Papa Sebastien kwa kunisamehe (anadai maziwa mpaka Gaju azae). Na Mama yangu, aksanti haitoshi.

Nyinyi wengine, tafazali musinicheke. Mimi nilikatalwa, Gaju akapewa kazi. Na yeye hata CV hakutuma.