Mbwa Huyu ni wa Nani?

Gari la matangazo lilipita mtaa wa Mazwi asubuhi ya baridi, likapunguza mwendo palepale mbele ya benchi la Bertilla muuza kahawa, utadhani lilitumwa kwa watu wa benchi lile peke yao.

"Wananchi mnatangaziwa! Jumamosi ni chanjo ya kichaa cha mbwa! Kila mbwa aje na mwenyewe, amefungwa kamba! Mbwa asiyekuwa na mtu, baada ya Jumamosi atahesabiwa mzururaji, na mbwa wazururaji watauawa!"

Gari likaenda zake, vumbi likabaki juu ya kashata. Watu wote wakainama kwa pamoja kuchungulia chini ya benchi. Mle chini alijilaza mbwa mwekundu, sikio moja limesimama, la pili limelala, hana habari na serikali wala na watu wake.

"Haya, Spoku," alianza Shedrack, dereva wa bodaboda ambaye wenzake humwita Kona Kali, na abiria wake wanajua kwa nini. "Umesikia kwa masikio yako. Mtafutie mbwa wako kamba."

Baltazari, fundi baiskeli, ndiye Spoku. Kibanda chake kimepakana na benchi la Bertilla, na muda ule alikuwa ananyoosha rimu. Aliendelea kuinyoosha ingawa ilikuwa imeshanyooka.

"Mbwa wangu tangu lini?"

"Si analala kwenye kibanda chako?"

"Na panya wanalala humo humo. Nao niwapange foleni ya chanjo?"

Watu wakacheka. Baltazari naye akacheka, lakini moyo ulikuwa umemshuka hadi kwenye pedali. Ukweli ni kwamba alimpenda yule mbwa kupita kiasi. Wakibaki wawili tu alimwita Bosi, akamtoa kupe mmoja mmoja kwa koleo la kazi, na baridi ikizidi akamfunika gunia. Kusema hadharani kwamba ni wake, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Siku alipomgusia mkewe habari za kufuga mbwa, Klementina alimjibu bila kuinua macho kwenye ulezi aliokuwa anapepeta, "Baba Timoth, siku mbwa anaingia kwa mlango wa mbele, mimi natokea wa uani." Ndoa ya kanisani hiyo. Baltazari akafunga mdomo.

Na kama mke hatoshi, kulikuwa na Mwenyekiti wa mtaa. Juma lililopita mbwa huyuhuyu alimchania Mzee Meshack suruali ya suti, na mzee ameapa kwamba akimjua mwenye mbwa atamfikisha baraza la kata.

"Tuseme ukweli jamani," alisema Bertilla, anamimina kahawa. "Mwezi uliopita huyu mbwa alipomng'ang'ania mguuni yule mwizi wa pikipiki yako, Kona Kali, ulisemaje? Si ulizunguka mtaa mzima unasema 'Kamanda wangu, Kamanda wangu'?"

"Ah, dada Bertilla, ile ilikuwa furaha tu. Hata mpira tunasema timu yetu, kwani tunailisha?"

"Ndiyo yaleyale! Mtoto akifaulu ni wa baba, akiharibika ni wa mama."

"Mbona hata wewe unampa kashata?"

"Mimi namfukuza! Kila siku namwambia 'Toka!' Mpaka sasa anadhani Toka ndiyo jina lake, nikilitamka tu anakuja mbio."

Sayi aliweka kikombe chini. Huyu wanamwita Zizi. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka Shinyanga yeye akiwa mgongoni, sasa anakaa Chanji na anauza maziwa kwa baiskeli.

"Ninyi watu wa mjini mbwa hamumjui," alisema. "Kwetu mbwa ana kazi. Fisi akija, yuko mbele. Akiumwa kupe, anaogeshwa dawa ya ng'ombe, anapiga chafya mara mbili, maisha yanaendelea. Ninyi mnampa mabaki ya chipsi halafu mnashangaa anaota kitambi."

"Na wewe humwiti Sungusungu kila ukipita hapa?" aliuliza Kona Kali.

"Namsalimia! Bhebhe, wewe, kumsalimia mtu ni kumzaa?"

"Basi yameisha," Kona Kali alikunja mikono. "Hana mwenyewe. Jumapili tunamwombea."

Baltazari aliangusha spana. Akaiokota, ikaanguka tena.

"Lakini jamani," alisema, "kiumbe wa Mungu huyu. Mmoja wenu ampeleke tu siku hiyo moja."

"Mmoja wetu! Na wewe umo?"

"Mimi mbwa simjui."

Sayi akatikisa kichwa. "Sikilizeni. Kwetu makundi ya ng'ombe yakichanganyikana machungani, watu hawapigani. Kila mmoja anasimama pembeni anaita ng'ombe wake. Ng'ombe hajui siasa, anamfuata anayemjua. Tumwite huyu. Atakayemfuata ndiye mwenyewe, na Jumamosi atashika kamba apende asipende."

Wote wakakubali, maana kila mmoja aliamini mwenzake ndiye atakayenaswa. Walikuwa hawajaanza, Mwenyekiti Meshack akatokea, suruali ina kiraka cha rangi nyingine kabisa.

"Shikamoo, Mwenyekiti," walimwamkia kwa adabu ya ghafla.

"Marahaba. Mnafanya nini?"

"Tunamtafuta mwenye mbwa," Bertilla alisema kabla hajakonyezwa.

Mwenyekiti akavuta kigoda, akakaa na kiraka chake mbele ya watu. "Vizuri sana. Endeleeni, nami nishuhudie. Nimekuwa nikimtafuta kwa hamu."

Kona Kali akaanza. Aliita "Kamanda" kwa sauti ya mtu anayesali kwa siri. Mbwa alifungua jicho moja, akalifunga. Sayi akaita "Sungusungu", mkia ukapiga vumbi mara moja, ukatulia. Bertilla akasema "Toka!" Mbwa akainuka, akaja, akanusa mkono, akaona hauna kashata, akarudi kulala. Bertilla akashusha pumzi.

"Zamu yako, Spoku," alisema Mwenyekiti.

Baltazari alipiga hesabu. Mbwa akija, ni baraza la kata, na jioni ni Klementina. Asipokuja, ni Jumamosi. Akamwangalia pale chini, akaona gunia lake, na roho ikamuuma kwa kweli.

"Bosi," aliita. Safari hii aliita kwa sauti.

Mbwa akasimama. Akajinyoosha, akatoka chini ya benchi, akaja moja kwa moja kwa Baltazari, na watu wakaanza kupiga makofi. Kisha akampita. Akavuka barabara kwa mbio, anabweka kwa furaha, mkia hauonekani kwa kuzunguka, akamrukia mwanamke aliyekuwa anakuja na kikapu cha chakula.

"Selestini!" alisema yule mwanamke. "Taratibu, mwanangu, utanimwagia!" Akatoa kichwa cha samaki, mgebuka wa ziwani, kilichofungwa kwenye jani la mgomba, akampa.

Alipoinua uso akakuta benchi zima linamwangalia. Alikuwa Klementina.

"Mama Timoth!" Baltazari alisema. "Si wewe uliyesema mbwa akiingia mlango wa mbele..."

"Ndiyo. Selestini anaingilia uani."

Benchi likaangua kicheko. "Umdhaniaye ndiye siye!" Bertilla alipiga makofi.

Mwenyekiti hakucheka. Alisimama. "Kumbe ni wako, Mama Timoth. Basi mbwa wako amenichana nikiwa kazini, natembelea wananchi. Tutaonana barazani."

Hapo Baltazari akajikuta amesimama kati yao, rimu mkononi. "Mwenyekiti, umwache mke wangu. Mbwa ni wangu. Niandikie mimi wito."

"Ni wetu," Klementina alimsahihisha, akaweka kikapu chini. "Ila, Mwenyekiti, hebu tukumbushe. Alikuchania wapi?"

"Mtaani!"

"Mtaa gani? Maana kitambaa cha suti kimenasa kwenye michongoma ya uani kwangu, kwenye kichochoro cha kwenda kwa Monika."

Kwa Monika ni kilabuni, na Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku pombe ya kimpumu kunywewa kabla ya jioni. Alitangaza mkutanoni, akagonga na meza.

"Saa nne asubuhi," aliongeza Klementina.

"Alikuwa anakagua," Sayi alimtetea.

"Anakagua na mrija wa kimpumu? Aliudondosha akiruka. Ninao ndani."

Mwenyekiti alijikohoza. Akakiangalia kile kiraka kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

"Sasa nikikumbuka vizuri," alisema, "ilikuwa msumari. Jumamosi muwahi foleni." Akaondoka kwa barabara kuu, mguu mrefu.

Alipopotea tu, benchi likalipuka.

"Kamanda wangu!" alifoka Kona Kali. "Jumamosi nampakia kwenye pikipiki!"

"Sungusungu ataenda kwa miguu kama mwanaume. Kamba naleta mimi!" alidakia Sayi.

Baltazari hakuwasikia. Alikuwa amechuchumaa, mkono shingoni mwa mbwa, anacheka peke yake. Kisha njaa ikamkumbusha kikapu. Akafunua chakula chake: ugali wa ulezi na maharage. Akamtazama mbwa anayetafuna mgebuka, akamtazama mkewe.

"Mama Timoth, mgebuka wangu uko wapi?"

"Muulize mumeo alivyosema hapa kabla hujafika," Bertilla alichochea. "Eti mbwa hamjui!"

Klementina akamsogezea mumewe sufuria ya maharage.

"Mwenye kumkana mwenzake mbele za watu," alisema, "anafunga."