Skrini Isiyochosha Macho

Idara ya Nyaraka ilitangaza, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba tatizo la macho ya watumishi sasa limepatiwa Kamati.

Mama Chapa, mpiga chapa mkuu wa idara hiyo, alizipokea habari kwa machozi. Machozi yenyewe yalikuwa yameanza tangu asubuhi. Skrini yake kuukuu ilichezacheza kama taa inayotaka kuungua, na dirisha lililokuwa mgongoni kwake liliijaza mwanga hadi akawa anaona uso wake zaidi kuliko barua. Nyumbani, mumewe alikwishaanza kuuliza ni nani huyo anayemliza kazini.

"Nipeni isiyochezacheza, isiyorudisha mwanga, ninayoweza kuipandisha na kuishusha," aliiambia Kamati. "Basi."

Mkurugenzi, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, alitabasamu kwa huruma. "Mama, hayo ni maoni. Sisi tunataka utafiti."

Utafiti ukafanyika. Mama Chapa aliketishwa mbele ya skrini moja baada ya nyingine, Mkurugenzi amechuchumaa pembeni, akikinga machozi kwa kijiko cha chai. Skrini moja pana, tulivu, ilimtoa tone moja tu, tena la furaha, lakini kitaalamu tone ni tone. Ya mwisho haikumtoa kitu.

"Hii hapa!" Mkurugenzi akapaza sauti.

"Mzee, hiyo haijachomekwa kwenye umeme," alisema fundi wa kompyuta.

"Ndiyo maana ni bora. Tena inabana matumizi."

Kesho yake skrini zote za ukumbi wa wachapaji zikazimwa rasmi. Ile pana ilipelekwa ofisini kwa Mkurugenzi, kwa kuwa ilithibitika kuwa na hatari, na kiongozi hukubali kuumia kwa niaba ya wengine. Aliumia nayo kila alasiri, mlango umefungwa, kelele za mpira zikisikika hadi kwenye ngazi.

Ukumbini, wachapaji walipiga herufi kwa kupapasa. Mstaafu mmoja akapandishwa cheo. Mjane mmoja akapongezwa kwa kufiwa na mumewe, akatakiwa aendelee hivyo hivyo. Machozi ya Mama Chapa yalikauka, lakini barua ya mjane ilimkosesha raha hata ya kula. Akaenda nayo kwa Mkurugenzi.

"Mzee, tunaumiza watu."

"Hilo kosa uliliona kwenye skrini?"

"Kwenye skrini ningeonaje, Mzee?"

"Basi makosa yaliyoonekana ni sifuri. Waziri atafurahi."

Waziri alifurahi. Alikuja mwenyewe, akapita katikati ya meza, akatazama zile skrini nyeusi, akaona zinapendeza.

"Kwa hiyo kazi hii inakwenda bila mtu kuiona?"

"Kabisa, Mheshimiwa! Bila mtu yeyote kuiona."

Waziri akafikiri, jambo lililowashtua wasaidizi wake. "Na wewe, kazi yako ni ipi hasa?"

"Kusimamia, Mheshimiwa. Kuiangalia kazi."

"Isiyohitaji kuonwa."

Mkurugenzi akarekebisha tai.

"Hongera sana!" Waziri alimshika mkono. "Umebana matumizi hadi cheo chako mwenyewe. Viongozi wa aina yako ni wachache."

Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi naye akapiga, kwa mazoea.

Ile skrini pana ikabaki yatima. Agizo la kuzima lilitaja ukumbi tu, ofisi halikuigusa. Mama Chapa akahamia humo kimya kimya, akaishusha ikawa usawa wa macho, akaigeuza ubavu kwa dirisha, akaanza na mjane: kumwomba radhi, mstari kwa mstari, akiiona kila herufi.

Mkurugenzi wa zamani, akisubiri kupangiwa kazi nyingine, alipewa kiti ndani ya ofisi hiyo hiyo, karibu na mlango. Asubuhi moja Mama Chapa alimgeukia.

"Shikamoo, Mzee. Samahani, shati lako jeupe linanirudishia mwanga kwenye skrini. Sogea kidogo."

Akasogea na kiti chake.

"Kidogo tena."

Akasogea, kiti kikavuka kizingiti.

"Hapo hapo, Mzee, asante. Sasa rudishia mlango."