Kosa Letu la Kuwaacha wa Kwanza Wapite

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kukusanya Maoni kuhusu Uwanda wa Pwani ya Kaskazini.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini ulifika mjini salama na yale mafua yamekuachia. Mimi ni Dorcas Erick, yule mama wa kanisani aliyekumiminia chai ukumbini kwetu mwezi wa sita. Ulisema maoni ya wananchi yaje kwa maandishi kabla ya tarehe kumi na tano Septemba. Shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hiyo nikikosea unisahihishe kimoyomoyo.

Naandika kulalamika. Simlalamikii mtu wa kamati, hasha. Nalalamikia adabu zetu sisi Wagwich'in, wenyeji wa asili wa huku kaskazini, ambazo zimewasumbua mno wageni. Nazitaja kwa namba, kama fomu yenu inavyotaka.

1. Kijitabu chenu kinasema uwanda ule ni mtupu. Ni kweli, na kosa ni letu. Vadzaih, kulungu wetu wa nchi ya baridi, huenda kuzalia pale kila mwaka, maelfu kwa maelfu, na babu zetu walikataza mtu kukanyaga mahali mama anapozaa. Hata mwaka wa njaa aliozaliwa mama yangu, watu walitafuna ngozi za viatu na hawakwenda. Tungekuwa na akili tungejenga vibanda pale, tukatupa makopo, tukaacha na gari bovu moja au mawili, nanyi mngeona kuna wenyewe. Tulikaa kando kwa heshima, na sasa tumeandikwa kwamba hatupo.

2. Mtaalamu wenu, yule kijana wa viatu vipya, alituonyesha picha ukutani kwamba mtachimba mafuta sehemu ndogo tu, na kwamba majike wenye mimba "watazoea kuzalia pembeni." Maneno matamu kabisa. Naomba basi mfanye kwanza majaribio katika wodi ya wazazi ya mji wenu. Mtambo mmoja tu, katikati ya vitanda. Kina mama watazoea korido. Ndugu yangu Tito aliposikia nimeandika hivi akasema, "We Dada, watakufunga!" Nikamwambia hakuna anayefungwa kwa kukubaliana na serikali.

3. Wale wa upande wa kulinda mazingira nao walikuja, na ndege yao na kamera zao. Hao ni rafiki zetu, Mungu awabariki. Wao wanataka pabaki pori safi lisiloguswa na binadamu, isipokuwa binadamu mwenye kibali na hema la rangi ya chungwa. Mmoja wao alimwuliza mama yangu, "Mama, unajisikiaje kuishi mahali pasipo na watu?" Mama akamtazama, akanigeukia. "Huyu mtoto macho yake hayaoni. Mpe chakula." Nawaomba nyote mnaogombania pori hili, mtuandike na sisi popote penye nafasi, hata chini ya orodha yenu ya ndege wa porini.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kila vuli kundi likirudi kusini, tunawaacha wale wa kwanza wapite bila kuwagusa. Wao ndio wanaofungua njia, na wengine hufuata nyayo zao. Ukimpiga wa kwanza, kundi zima linakata kona. Basi mpimaji wenu wa kwanza alipotua hapa miaka mitatu iliyopita, tulifanya vilevile. Tulimwacha apite. Tulimpa nyama kavu, akaomba kuongezewa mara tatu. Na kweli nyayo zake zikafuatwa: wapimaji, wanasheria, wapiga picha, na wewe mwenyewe Mwenyekiti. Sikujua adabu hii inafanya kazi kwa viumbe wote.

Sasa nikuambie jambo la nyumbani, maana nimekuzoea. Mama yangu, Salome, ana miaka tisini na mmoja na hajainuka kitandani tangu Julai. Anataka kitu kimoja tu, supu ya kichwa cha kulungu. Mwaka huu kundi limechelewa wiki tatu. Nesi akimletea supu ya kopo, Mama anafumba mdomo kama mtoto. "Nitakula wakija," anasema. Naomba sana usiku na mchana, lakini mifupa yake naiona.

5. Kwa hiyo nimeamua, na naomba kamati iniunge mkono, kwamba adabu hii ife. Nimemwagiza Tito akae kilimani na bunduki, na wa kwanza kutokea ampige. Watu wote wakubwa duniani wanachukua cha kwanza wanachokiona, na wajao watajijua. Sisi ni nani tujifanye tofauti? Mkitaka kuchimba, chimbeni. Mimi nitakuwa nimeshakula changu. Hayo ndiyo maoni yangu rasmi.

Nisalimie wanakamati wote, na rubani, na yule kijana wa viatu vipya. Mwambie soksi alizosahau nimezifua.

Mimi dada yako katika Kristo,
Dorcas Erick

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Jana mchana kulungu tisa walitokea kwenye kilima nyuma ya nyumba yetu. Tito akainua bunduki. "Dada, nipige?" Nikamwambia piga. Mara tukasikia kioo cha dirisha kinagongwa. Ni Mama, anagonga kwa kikombe kutoka kitandani. Nikakimbia nikidhani amezidiwa. "Nyie mna wazimu?" akaniambia. "Waacheni wapite. Mimi nakula kwa wale wa nyuma."

Tito ameshusha bunduki. Tafadhali ifute namba tano. Wale tisa wamevuka mto, na sufuria ya maji iko jikoni. Sasa tunawangoja wa nyuma, Mwenyekiti, na hao wanatoka kwenye ule uwanda wenu mtupu.