Mfungo Wangu na Sufuria ya Mama Epifania

Jumatatu, 7 Julai

Nimekasirika. Mchungaji Tharsisi ametukumbusha darasani kwamba Jumapili chuo kinakwenda Mabamba, karibu na mpaka, kwa mkutano wa injili, na mwanafunzi mmoja atapewa mahubiri. Nikakaa wima, nikamtazama machoni. Akasema bado anaomba, anataka mtu aliyekomaa kiroho. Anaomba nini tena? Mimi nimevuka mpaka, nimeacha Burundi, nimekuja kusoma Biblia Kasulu. Wengine wamekuja na baiskeli kutoka hapo Muyama!

Ndiyo, namsema Fidele Niyonzima. Anacheka ibadani. Anabeba spika za kwaya, anawachotea maji akina mama, kila mtu Fidele, Fidele! Huo ni ukomavu au ukuli?

Na mimi lazima nihubiri. Mama yangu mzazi anavuka siku hiyo kuja kunisikiliza. Tangu mwaka jana namwambia kwenye simu kwamba mhubiri wa huku ni mimi. Ameshawatangazia majirani. Ameshashona kitenge!

Jumanne, 8 Julai

Nimepata njia. Nitafunga. Mchungaji akiniona nimekonda ataelewa mwenyewe. Imeandikwa ukifunga usijionyeshe, kwa hiyo sijamwambia mtu. Nilishika tu tumbo na kuugua kidogo kila Mchungaji alipopita. Mwisho akaja kuniuliza kama nina minyoo. Minyoo!

Jioni Mama Epifania, mwenye nyumba ninayokaa, akaleta ugali wa muhogo na maharage. Nikasema sili. Akauliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Akauliza kulikoni basi. Nikatazama juu, nikanyamaza. Akasimama na sahani yake pale, halafu akaondoka bila hata kunitakia usiku mwema. Nadhani aliguswa.

Jumatano, 9 Julai

Njaa haina adabu. Katikati ya somo herufi za Warumi zilianza kutembea kwenye ukurasa. Nikatoroka hadi dukani kwa Badru, upande wa pili wa mji, nikala chapati na chai ya maziwa. Nilikula nimesimama, kwa hiyo haihesabiki. Badru akauliza mbona nabugia hivyo, kwani nafukuzwa? Nikamnong'oneza kwamba nimefunga. Akacheka mpaka akaegemea gunia la mchele. Akasema wao Ramadhani wanafunga mwezi mzima na duka liko wazi, hakuna anayeugua. Nimeudhika sana. Nikaongeza chapati.

Jioni Mama Epifania akaja na uji. Safari hii akaonja kwanza mbele yangu, akameza, ndipo akaninyooshea kikombe. Majirani walikuwa mlangoni wanatazama. Nikasema hapana, ahsante. Jirani mmoja akashika mdomo. Sifa zangu zimeanza kuenea!

Ijumaa, 11 Julai

Shetani yupo, na anauza chapati.

Mchungaji aliniita ofisini. Nikavaa tai, nikijua ni habari ya mahubiri. Nakuta wazee wa kanisa wamenuna na Mama Epifania analia. Kumbe jana alikwenda kwa Badru kununua chumvi, na Badru, kwa moyo mweupe kabisa, akamsifia kwamba kijana wake anajua kula. Basi! Mama Epifania akajumlisha. Kwa Badru nakula. Kwake sili. Uji ameuonja mwenyewe, bado nimekataa. Maana yake ni moja tu, na majirani wameshaisambaza: mimi, Reverien, nasema chakula cha Mama Epifania kina sumu.

Nikaruka. Nani kasema sumu? Mimi sikusema neno! Mchungaji akasema hilo ndilo kosa lenyewe. Akasema huku Buha na kwetu Burundi ni mamoja, mwenye nyumba akishaonja na wewe ukakataa, hakuna haja ya maneno. Akaniuliza kama kwetu sikulelewa.

Mama Epifania akasema alikimbia vita Burundi na mtoto mgongoni, akafika hapa hana kitu, na watu wa hapa walimwita mezani siku hiyohiyo. Leo ni raia, ana shamba, ana jina. Na anayemharibia jina ni mtoto wa kwao, ambaye yeye mwenyewe alimnywesha uji kwa kijiko alipougua malaria. Nilitaka kusema samahani. Lakini wazee walivyokuwa wananikodolea macho, hasira zikanipanda, nikasema nitaeleza yote Jumapili jukwaani.

Mchungaji akasema jukwaani atapanda Fidele.

Nimemkasirikia Badru. Nimewakasirikia wazee. Fidele ndiye usiseme.

Jumapili, 13 Julai

Mabamba. Nilifunga skafu shingoni nikamwambia mama kwamba sauti imekauka, kwa hiyo nimemruhusu mwenzangu ahubiri badala yangu. Akanipa pole nyingi. Fidele akahubiri vizuri, kwa makusudi kabisa, ili kuniumiza. Mama alilia mahubiri mazima!

Baada ya ibada, chakula. Kila mama alikuja na sufuria yake. Watu wakapakua huku, wakapakua kule, wakiiruka moja. Sufuria ya Mama Epifania ilibaki na mfuniko. Yeye amekaa kando yake, anajifanya anafunga kilemba. Sikuweza kutazama.

Mama akauliza kwa sauti yule dada amewakosea nini. Kisha jirani mmoja akamvuta pembeni akamweleza. Nilianza kurudi nyuma polepole. "Yampaye inka!" mama akapiga kelele ile ya kwetu ya mshangao, mkutano mzima ukageuka. Akanishika kwa skafu ileile, akaniburuta, akanikalisha chini mbele ya sufuria, akasema, "Kula."

Mama Epifania hakuonja. Alifunua, akapakua, akaniangalia. Nikala. Maharage na mchicha, na mawese. Mama naye akaketi, akala kwenye sahani yangu hiyohiyo. Fidele akaja na sahani yake, na kicheko chake. Halafu mzee mmoja, halafu wale majirani, wameinamisha nyuso, mpaka sufuria ikakwanguliwa. Mama Epifania alicheka huku anafuta machozi. Na mimi nilitokwa na machozi. Ni pilipili.

Wakati wa kuondoka mama alimwomba Fidele amwombee safari. Fidele! Nikamuuliza mama atawaambia nini majirani kuhusu mimi. Akasema atawaambia ninakula.

Jumatatu, 14 Julai

Nimetafakari na nimekasirika upya. Bila mfungo wangu, wale watu wangekula pamoja vile? Nani amenishukuru? Hakuna.

Ila nimeshaona wanachopenda watu wa huku. Wanapenda unyenyekevu. Haya! Mwezi ujao kuna mkutano Rungwe Mpya, na hadi hapo nitakuwa mnyenyekevu kuliko Fidele na ukoo wake. Nitaanza kwa kumwomba Mama Epifania msamaha Jumapili, mbele ya kanisa zima, kwa kipaza sauti, na kwaya iimbe taratibu nyuma yangu. Nimemwambia asubuhi hii ajiandae.

Amesema hataki makubwa. Nikiingia jikoni nikamwambia neno moja tu, samahani, yeye ameridhika.

Jikoni! Nani ataniona jikoni?