Filimbi ya Stesheni na Kuku Mweusi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo saa nne asubuhi nimeleta mbwa nyumbani. Umri wake miezi saba. Mweusi, kifua cheupe, sikio moja limesimama na jingine limelala. Ni mbwa wa kuchunga kondoo, na wazazi wake walichunga kondoo. Nimempa jina la Nidhamu.

Sababu ya kumleta naiandika hapa kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu. Nilikuwa mkuu wa stesheni kwa miaka thelathini na mmoja. Nikipuliza filimbi, mabehewa kumi na mawili yalinitii. Tangu nistaafu, huu mwezi wa nne, hakuna anayenitii katika nyumba hii. Kuku wanamsikiliza mke wangu. Paka anamsikiliza mama mkwe. Bata mzinga hamsikilizi yeyote, lakini akiniona mimi hunikimbiza. Nahitaji mmoja tu wa upande wangu.

Aliyenipa mbwa ni shemeji, kaka yake mke wangu, mfugaji wa kondoo na mtu wa maneno mengi. Nilipokuwa naondoka alinishika mkono akataka anieleze kwanza ishara za filimbi alizomfundisha mbwa. Nikamwambia kwamba katika habari za filimbi mimi ndiye wa kueleza, si wa kuelezwa. Akacheka. Sikukipenda kicheko kile.

Mke wangu alimtazama mbwa kwa muda mrefu huku akichambua mchele. Kisha akatoa sharti. Kuku wake mweusi analalia mayai kumi na moja kikapuni, ndani ya stoo, yataanguliwa Jumapili. Kuku huyo akitolewa kwenye mayai, mbwa anarudi kwa kondoo. Nikasema sawa. Akajibu kwamba hakuwa ameniuliza kama ni sawa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku ya utambulisho. Niliamua wenyeji wajulishwe kwa mgeni kwa mpangilio wa vyeo: bata mzinga, paka, jogoo, kuku, na mwisho bata watatu. Paka hakusubiri zamu yake. Alimzaba Nidhamu kofi la pua, akarudi dirishani kulala.

Nikatoa filimbi yangu. Stesheni kwetu sheria ilikuwa wazi: mpulizo mmoja mrefu, simama, miwili mifupi, ondoka. Nikapuliza miwili mifupi ili mbwa aende kuwakagua kuku. Akalala chini, kidevu ardhini. Uvivu! Baada ya muda akainuka mwenyewe na kuanza kumnyemelea jogoo. Nikapuliza mmoja mrefu asimame.

Alichomoka kama mshale. Akazunguka ua mzima. Nikapuliza tena, mrefu zaidi. Akazidi. Mpulizo wa tatu ulipokwisha, kuku wanane, jogoo na bata watatu walikuwa wamebanana kwenye pembe ya kufulia nguo. Katikati yao alikuwa mama mkwe, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, na kitambaa chake kikidondosha povu. Mbwa hakuwa amemgusa. Alikuwa amemleta kwa macho tu.

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Mama mkwe akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hebu mwambie mgeni wako kwamba mimi sitagi."

Kwa bahati mke wangu alikuwa sokoni. Mama mkwe amekubali kunyamaza kwa sharti moja: hadi Jumapili nimhamishie kiti chake juani asubuhi na kivulini mchana. Kiti hicho ni cha mninga, mbao nzito.

Uamuzi wangu: mbwa ana masikio mazito. Dawa ni kupuliza kwa nguvu zaidi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimetumia kamba. Ncha moja shingoni kwa Nidhamu, ya pili kiunoni kwangu, ili ajue kwamba aendapo mkuu naye huenda. Bata mzinga akatokea nyuma ya tangi la maji. Mbwa alitaka kwenda kulia. Bata mzinga alikuja kutoka kushoto. Mimi nilikwenda pande zote mbili, nikipitia kwenye kamba ya nguo.

Mke wangu ndiye aliyenifungua kutoka ndani ya shuka. Alichukua kamba, akaketi kigodani nje ya wavu wa banda, mbwa kando yake, kuku upande wa pili wakidonoa. Kila Nidhamu alipoyaondoa macho kwa kuku, alipewa kipande kidogo cha ini. Nusu saa nzima! Kuku wakala. Mbwa akapiga miayo. Nimeona ini zuri likipotea bure na hakuna amri hata moja iliyotolewa. Hivyo sivyo treni zinavyoendeshwa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Maendeleo makubwa. Asubuhi jogoo alipita mbele ya Nidhamu kwa dharau zake zote, na mbwa akageuza uso. Ni wazi kwamba filimbi ya Jumanne sasa imemwingia. Mke wangu alikuwa tena kigodani na ini lake. Nikamweleza kwamba anaweza kupumzika, kazi nimekwisha kuifanya. Akasema ahsante kwa sauti ambayo bado naifikiria.

Shemeji alipiga simu kuuliza hali ya mbwa. Nikasema ni njema. Akasema afadhali, lakini kuna jambo moja dogo kuhusu mpulizo mrefu. Nikamwambia mtandao ni mbaya. Akasema yeye ananisikia vizuri sana. Nikaitia simu ndani ya ndoo tupu na kuendelea kuongea hadi akakata tamaa.

Mchana Nidhamu alilala juu ya kiatu changu. Nilikuwa nimekivaa. Sikuondoa mguu, ingawa uliingia ganzi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimemwalika shemeji kesho saa kumi na moja jioni, ashuhudie Nidhamu akiwaingiza kuku bandani kwa amri yangu. Mke wangu akikiona hicho, hatazungumza tena habari za kurudisha mbwa. Nimeandika ratiba kwa kalamu nyekundu na kuibandika mlangoni pa banda. Jogoo ameila sehemu ya chini.

Mama mkwe aliuliza kama anaweza kutazama akiwa ndani, dirisha likiwa limefungwa. Nikamjibu kwamba kiti chake kitakuwa mstari wa mbele. Akashusha pumzi.

Jioni nilitembea hadi getini na kurudi, mara nane. Sikuwa na pa kwenda. Nidhamu alinifuata mara zote nane. Huko stesheni watu walinikimbilia kwa sababu walikuwa wamechelewa. Sikumbuki aliyewahi kunijia kwa sababu tu nilikuwa nimesimama pale.

Asiondoke mbwa huyu. Basi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi



Saa kumi na moja kamili. Mke wangu, mama mkwe na shemeji wameketi. Shemeji amevaa viatu vipya. Mimi nimevaa kofia ya kazi. Nikapuliza miwili mifupi, Nidhamu aondoke. Akalala chini, mbele ya watu! Shemeji akapiga makofi na kusema, "Safi sana, shemeji!" Kejeli za wazi. Nikavuta pumzi hadi vifungo vya shati vikalalamika, nikapuliza mmoja mrefu ili nianze upya.

Nidhamu akaruka. Kuku wakakusanywa. Nikapuliza, simama! Bata wakakusanywa. Nikapuliza, simama, simama! Bata mzinga, ambaye hajawahi kumtii kiumbe, akaja akitembea kinyumenyume. Paka akaletwa kutoka dirishani. Mama mkwe aliinuka mwenyewe na kwenda kwenye pembe yake ya kufulia, maana sasa anaijua njia. Shemeji akafuata, viatu vikizama kwenye maji ya sabuni, akipaza sauti na kupunga mikono. Baadaye nilielezwa kwamba alikuwa akisema, "Acha kupuliza! Acha!" Sikumsikia kwa sababu ya filimbi.

Mbwa akawatazama wote, mmoja mmoja. Aliona kuna aliyekosekana. Akaingia stoo.

Kuku mweusi alitoka akipiga kelele, akajiunga na wenzake.

Hapo mke wangu akakunja midomo na kupiga miluzi miwili mifupi, ya chini, bila filimbi yoyote. Nidhamu akaanguka chini kama gunia. Miaka thelathini na minane nimeishi na mwanamke huyu na sikujua kwamba anaweza kupiga mluzi. Kumbe alichunga kondoo pamoja na kaka yake mpaka siku niliyomwoa. Kwao mpulizo mrefu maana yake ni zunguka, kusanya wote, asibaki hata mmoja. Miwili mifupi ni lala. Mbwa alikuwa amenitii tangu Jumanne, neno kwa neno.

Nikamwuliza mke wangu kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Kaka alikwambia kwa mdomo. Akakupigia na simu, ukaitia kwenye ndoo yangu. Mimi ningekwambia kwa njia gani, mume wangu, kwa posta?"

Kisha hakuna aliyetania tena. Kuku mweusi aliruka juu ya ukuta na kukataa kushuka. Mke wangu alitoa yai moja kikapuni, akaliweka shavuni. Akasema, "Yanapoa." Amewahesabia vifaranga hao siku zao kwenye kalenda ya jikoni, kila asubuhi alama moja.

Nikaenda kabatini. Koti langu la kazi ni la sufu nzito, vifungo saba vya shaba, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa tangu nistaafu. Nikalitandika kikapuni mwenyewe, nikayafunika mayai kwa mikono miwili ya koti. Nidhamu alijikokota hadi mlangoni pa stoo akalala, mgongo kwa kuku, uso kwenye ukuta wa stoo, kama alivyofundishwa kwa ini. Kuku mweusi aliutazama mgongo ule kwa muda mrefu. Akashuka. Akapita karibu na mkia. Mkia haukutikisika. Kabla taa hazijawashwa alikuwa ameketi juu ya koti langu, kifungo kimoja cha shaba kikichungulia chini ya bawa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Vifaranga tisa. Wa mwisho alitokea kwenye mkono wa koti saa sita mchana. Mayai mawili hayakuanguliwa. Niliyafukia mimi.

Lakini sharti ni sharti. Kuku alitolewa kwenye mayai. Nikatia bakuli na kamba ndani ya mfuko. Shemeji, aliyekuwa amelala kwetu akisubiri viatu vikauke, alikuwa ananingoja getini. Nidhamu alinifuata kwa furaha, akidhani ni matembezi yetu ya mara nane. Nilikuwa nimeandaa maneno machache ya kumuaga, ya kiofisi. Badala yake nikainama kulikuna sikio lake lililolala.

Mke wangu akaja, akanipokonya mfuko, akatoa bakuli na kuliweka chini. Akaeleza kwamba sharti lake ni kumwondoa nyumbani aliyemtoa kuku kwenye mayai, na kwamba amelichunguza jambo hilo na kumpata mkosaji. Akaninyooshea kiganja. Nikaelewa. Nikaivua filimbi shingoni na kumpa, naye akamkabidhi kaka yake. Shemeji akaitia mfukoni mwa shati, akaagana na sisi, akaenda zake kwa viatu vinavyolia.

Mama mkwe alisema Mungu ni mwema.

Nimekiri kosa mbele ya wote, pamoja na paka. Nilipewa maelezo nikayakataa kwa kiburi. Sitarudia. Tangu leo nasikiliza kwanza.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Usiku nimepumzika vizuri, na asubuhi nimeliona tatizo lote kwa uwazi. Kosa lilikuwa la sauti. Sauti hugongana. Ishara ya macho haigongani na kitu!

Chini ya sanduku langu kuna bendera mbili za stesheni. Kijani, ondoka. Nyekundu, simama. Hata mtoto mchanga anaelewa. Nimezipiga pasi. Kesho saa tatu tunaanza, kuku, bata, vifaranga na wote. Mama mkwe amehamisha kiti chake cha mninga mwenyewe, peke yake, hadi chumbani, na nimesikia komeo.

Sasa hivi shemeji amepiga simu. Anasema amesikia habari za bendera kutoka kwa dada yake, na anataka anieleze jambo moja dogo sana kuhusu bata mzinga na rangi nyekundu. Nimemjibu kwamba nimepeperusha bendera kwa miaka thelathini na mmoja.

Akaendelea kusema. Mtandao ukawa mbaya. Ndoo ilikuwa karibu.